Sosiete kubwa bila sentineli wa majina: makuta ni yetu, tunadai majibu



Leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya umeme unaokatika. Tunaandika juu ya kitu ambacho wengi wetu hawajakisikia hata siku moja, lakini makuta yetu yanapita mbele yake kila siku. Kinaitwa DNS. Na tunasema wazi tangu mwanzo ili mtu asipoteze wakati: kila sosiete kubwa inayoshika mishahara, akiba, umeme ao siri za raia inapaswa kuwa na vyombo maalumu vya kulinda DNS yake, pamoja na watu wa kuvitazama. Fayawoli peke yake haitoshi. Antivirusi peke yake haitoshi. Sosiete inayokataa kufanya hivyo haichezei mali yake. Inachezea mali yetu.

Mtauliza: sisi bashomeri wenye diplome, jambo hili linatuhusu nini? Linatuhusu sana. Tangu mwaka wa 2011 leta ilianza kulipa wafanyakazi wake kupitia banki. Mwalimu, muuguzi, polisi, karani wa biro, wote wakatumwa kule. Sasa mwalimu anafungua programu ya banki kwenye telefone yake kuangalia kama mshahara umeingia. Kabla programu hiyo haijamwonyesha hata franka moja, telefone inauliza swali moja: jina hili la banki liko wapi? Anayejibu swali hilo njo DNS. Akijibu bongo, yote yanayofuata yatakuwa bongo. Hata yule mama anayebonyeza nyota na diezi bila intaneti, huko nyuma mashini za sosiete zinatafutana kwa majina. Jina likipotea, huduma inalala.

DNS ni nini, kwa maneno ya kwetu

Katika miji yetu nyumba nyingi hazina namba. Mgeni akifika anaita motari, anamwambia: nipeleke kwa fulani, karibu na lile kanisa. Motari anajua njia. Mgeni hajui kitu, anamwamini tu. Sasa fikiri motari amelipwa na wezi. Atakupeleka kwenye nyumba yenye rangi ile ile, yenye kibao kile kile cha banki, na mtu aliyevaa vizuri atakupokea kwa heshima. Utampa makuta yako kwa mikono yako mwenyewe. Hakuna aliyevunja mlango. Hakuna aliyepiga risasi. Njia tu njo ilikuwa ya bongo.

Intaneti iko vile. Ordinatere haijui majina, inajua namba. Sisi tunajua majina, hatushiki namba kichwani. Mwaka wa 1983 Mmarekani Paul Mockapetris aliunda DNS ili mashini ziulizane na kujibiana: jina hili, namba yake ni ipi? Swali linaanza kwenye mzizi wa intaneti, mzizi unaonyesha wanaoshika .com ao .cd, hao wanaonyesha seva ya sosiete yenyewe, na seva hiyo inatoa namba. Yote yanaisha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Shida ni kwamba mwaka wa 1983 intaneti ilikuwa ya watu wachache wanaojuana. Hawakuweka kufuli. Jibu la DNS lilikuwa linakuja bila muhuri, na mashini inaliamini. Mwaka wa 2008 Dan Kaminsky alionyesha namna mwizi anavyoweza kupachika majibu ya bongo katika kumbukumbu ya seva, na wenye kutengeneza programu za DNS wakalazimika kutoa dawa kwa pamoja mwezi wa 7 mwaka ule. Kisha muhuri unaoitwa DNSSEC ukaanza kuenea, na mzizi wa intaneti ukatiwa muhuri huo mwezi wa 7 mwaka wa 2010. Lakini muhuri unasaidia tu kama mwenye jina ameuweka na anayeuliza anauchungulia. Ukiwekwa na mmoja bila mwingine, ni pambo.

Hapa kwetu karibu tuchomwe

Kuna wakubwa wanaosema: "Hayo ni mambo ya Marekani. Kwetu Congo, nani atatusumbua?" Tunawajibu kwa jambo lililotokea kwa jina letu wenyewe, .cd, jina la inchi yetu katika intaneti.

Mwishoni mwa mwaka wa 2020 mtafiti wa usalama wa Uswidi, Fredrik Almroth wa kampuni ya Detectify, aliona kitu cha ajabu. Kati ya seva zilizoandikwa kwamba zinajibu kwa .cd yote, kulikuwa na seva zilizobeba jina scpt-network.com. SCPT ni shirika la leta la posta na telefone. Jina hilo lilikuwa limeachwa mpaka muda wake wa kulipiwa ukaisha, na mtu yeyote duniani angeweza kulinunua. Almroth akalinunua yeye, mbele ya mwizi. Mwezi wa kwanza wa 2021 akaeleza jambo lote: aliyeshika jina hilo angeweza kujibu karibu nusu ya maulizo yote ya majina ya .cd. Aliwajulisha wanaosimamia .cd, na wao wakahamia jina lingine. Seva nyingine zilikuwa bado zinajibu, njo maana raia hakuona kitu.

Tulieni hapo kidogo. Nusu ya maulizo ya inchi nzima. Mtu mbaya angeweza kupeleka wateja wa banki yenye jina la .cd kwenye ukurasa wa bongo. Angeweza kukamata imeli. Angeweza hata kuomba hati ya usalama, ile inayoweka kufuli kidogo juu ya ukurasa, na mteja angeona kufuli, akatulia. Yote hayo kwa bei ya jina la .com, ambayo kwa kawaida haifiki dola 20 kwa mwaka. Na hakuna fayawoli ya Kinshasa wala ya Lubumbashi ingepiga kelele, kwa sababu hakuna aliyeingia ndani ya sosiete yoyote. Mlango ulibaki umefungwa vizuri. Njia ya kufika mlangoni njo ilikuwa sokoni.

Tulipata bahati. Aliyepita pale alikuwa mtu mwema. Usalama wa mishahara ya watu hauwezi kujengwa juu ya bahati.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Mwezi wa 4 mwaka wa 2019 watafiti wa Cisco Talos walieleza kazi ya kundi walilolipa jina la Sea Turtle. Kundi hilo liligusa mashirika 40 hivi katika inchi 13, zaidi za Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Namna yao ilikuwa ile ile ya motari aliyelipwa: waliingia kwa wanaosajili na kusimamia majina, wakabadilisha namba, na watu wakawa wanaandika neno lao la siri mikononi mwa wezi. Mwezi wa kwanza mwaka ule ule, serikali ya Marekani ilikuwa imetoa amri ya haraka kwa ofisi zake: hakikisheni majina yenu ya DNS, badilisheni maneno ya siri, wekeni uthibitisho wa pili. Serikali yenye nguvu vile iliogopa. Sisi tunaona usingizi.

Mlango ambao fayawoli inauacha wazi

Fayawoli ni kama sentineli wa parsela. Anasimama kwenye mlango, anauliza: unaenda wapi, unatoka wapi? Ni kazi nzuri. Lakini kuna mlango mmoja ambao karibu kila fayawoli inauacha wazi, mlango namba 53, mlango wa DNS. Ukiufunga kabisa, biro yote inasimama: hakuna imeli, hakuna ukurasa, hakuna kitu. Wezi wanajua hilo. Basi wanapitia pale. Wanachukua siri za sosiete, wanazikatakata vipande vidogo, wanavificha ndani ya majina marefu yasiyo na maana, na kuyatuma kama maulizo ya kawaida. Sentineli anaona mtu anauliza njia tu. Anampisha.

Fikiria SolarWinds. Sosiete hiyo ya Marekani ilikuwa inatengeneza programu Orion, ya kusimamia mitandao ya mashirika makubwa. Mwaka wa 2020 wezi waliingiza sumu yao ndani ya masasisho ya programu hiyo, na wateja karibu 18,000 wakaipokea kama dawa. Wizara ya fedha ya Marekani ilikuwa kati ya walioguswa. Sumu ile ililala mpaka wiki mbili hivi. Halafu kitu cha kwanza ilichofanya kilikuwa nini? Iliuliza DNS. Iliuliza majina yanayomalizika na avsvmcloud.com, na ndani ya mwanzo wa jina ilificha jina la mtandao wa sosiete iliyoingia. Kwa kusoma maulizo hayo, wezi walijua wameingia kwa nani, wakachagua wa kuendelea naye na wa kumwacha.

Jambo lilijulikana mwezi wa 12 mwaka wa 2020. Sasa kila sosiete duniani iliyokuwa na Orion ikajiuliza: na sisi? Waliokuwa wametunza daftari la maulizo ya DNS walitafuta lile jina moja ndani yake na kupata mahali pa kuanzia. Wasiokuwa na daftari, banaishia kukisia. Tofauti ya hao wawili haikuwa utajiri. Ilikuwa daftari.

Vyombo hivyo vinafanya nini

Hatusemi maneno makubwa ili kuogopesha watu. Tunataja kazi moja moja, na kila raia aweze kuelewa.

Kazi ya kwanza ni kujibu ao kukataa. Sosiete inaweka seva yake ya DNS, na kila mashini ya ndani inauliza pale tu. Inayojaribu kuuliza inje inazuiwa. Seva hiyo inabeba orodha ya majina mabaya inayobadilika kila saa. Sekretere akibonyeza kiungo katika imeli ya bongo, jina linakataliwa, ukurasa haufunguki, na siku inaendelea. Hakuna aliyefukuzwa kazi, hakuna faili lililofungwa na wezi wanaodai makuta.

Kazi ya pili ni kuandika na kusoma. Nani aliuliza nini, saa ngapi. Chombo kinajifunza siku ya kawaida ya sosiete ikoje, halafu kinapiga kelele pakitokea kisicho cha kawaida: mashini ya uhasibu inauliza majina elfu ya ajabu saa nane za usiku wakati biro imefungwa. Mdudu Conficker, aliyeanza mwishoni mwa 2008, alikuwa anatunga majina mapya 250 kila siku ya kutafutia bwana wake, kisha toleo la baadaye likafika majina 50,000 kwa siku. Hakuna mutu wa kuzuia majina hayo kwa mkono. Chombo kinatambua umbo lake, sawa vile mama wa soko anavyotambua noti ya bongo kwa kidole.

Kazi ya tatu ni muhuri: kutia DNSSEC kwenye majina ya sosiete, na kuchungulia muhuri wa majina ya wengine.

Kazi ya ine ni kulinda jina lenyewe. Muda wake unaisha lini? Nani anaruhusiwa kubadilisha namba zake? Je, kuna mtu ameandikisha jina linalofanana na letu, lenye herufi moja tu tofauti, ili kudanganya wateja? Majina ya maana yanawekewa kufuli kwa msajili, hata mtu aliyeiba neno la siri asiweze kuyageuza bila mtu wa sosiete kuulizwa.

Kazi ya tano ni kuvumilia mvua kubwa. Tarehe 21 mwezi wa 10 mwaka wa 2016, sosiete Dyn, iliyokuwa inajibu DNS kwa wateja wengi, ilifunikwa na mafuriko ya maulizo yaliyotoka kwenye kamera na vifaa vya nyumbani vilivyotekwa na mdudu Mirai. Twitter, Netflix, Spotify na GitHub havikupatikana kwa saa nyingi kwa watu wengi. Seva zao zilikuwa nzima. Majina yao njo yalikosa wa kuyajibu. Tangu siku ile kila mwenye akili anajua: usiweke majibu yako yote kwa mtu mmoja.

Na juu ya nini tunasema vyombo maalumu? Kwa sababu katika sosiete nyingi DNS inakaa ndani ya mashini moja inayofanya kila kitu: inafungua akaunti za wafanyakazi, inashika maneno ya siri, na kwa pembeni inajibu majina. Mwezi wa 7 mwaka wa 2020 watafiti wa Check Point walitangaza tundu lililoitwa SIGRed katika DNS ya Windows Server. Tundu hilo lilikuwa limekaa miaka 17, na ubaya wake ulipewa alama 10 juu ya 10. Mwizi akipita pale angeweza kushika ufunguo wa nyumba nzima, kwa sababu sentineli wa njia na mwenye funguo zote walikuwa mtu mmoja. Tenganisheni kazi hizo.

Kuna wenzetu waliofanya staji katika sosiete moja kubwa, hatutaji jina. Walikuta DNS inalala kwenye mashini ya zamani pamoja na printa na karatasi za mishahara. Waliuliza nani anasoma daftari lake. Wakaambiwa: daftari gani?

"Hatuna makuta ya vitu hivyo"

Hili njo jibu tunalosikia kila mara. Ni bongo. Vyombo vya bei kali viko, ndiyo, na sosiete yenye wateja milioni inaweza kuvilipa. Lakini asiye na bajeti hana sababu ya kulala. BIND ni programu ya bure. Unbound, kutoka Uholanzi, ni ya bure. PowerDNS iko. Ile namna ya kubebesha seva orodha ya majina mabaya imekuwepo ndani ya BIND kwa miaka mingi. Quad9, shirika lisilotafuta faida lenye makao Uswisi, linajibu maulizo na kukataa majina mabaya bila kudai hata senti. Kufanya upya jina lako kabla muda wake haujaisha kunahitaji kalenda tu, na mtu mmoja mwenye aibu.

Tena tuseme ukweli wote. Vyombo hivi si dawa ya kila ugonjwa. Havitamzuia mtu anayempa mwizi kode yake ya siri kwa telefone. Virusi vinavyotumia namba moja kwa moja bila kuuliza jina vinapita pembeni. Na siku hizi programu za kufungulia kurasa zinaweza kuuliza DNS kwa siri, zikaruka seva ya sosiete, kama hakuna aliyezipanga. Kwa hiyo chombo kinahitaji mutu. Sanduku lenye taa ya kijani ambalo hakuna anayelisoma ni matumizi mabaya ya makuta, kama jenereta iliyonunuliwa bila mafuta.

Chombo kisigeuzwe makasi

Hapa tunasimama imara, kwa sababu tunajua inchi yetu. Anayeweza kukataa jina baya anaweza pia kukataa jina la gazeti. Mwezi wa kwanza 2015 walitukatia intaneti. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2017, tena. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2018, kesho yake ya kupiga kura, tena, na tulikaa karibu wiki tatu gizani. Basi tusieleweke vibaya. Tunaomba sosiete ilinde mashini zake na wateja wake dhidi ya wezi. Hatumwombi mtu yeyote achague raia asome nini.

Daftari la maulizo nalo ni kitu cha hatari. Linasema nani alitafuta dawa ya ugonjwa gani, nani alisoma habari gani, nani anatafuta kazi kwingine. Daftari hilo litunzwe kwa muda mfupi unaojulikana, lisomwe na watu wachache wanaojulikana, kwa sababu ya usalama tu. Congo iko na sheria: Kode ya numeriki, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023, inazungumza juu ya kulinda habari za mtu. Isibaki karatasi. Na sosiete inapopeleka maulizo yake yote kwa kampuni ya inje, ijue kwamba inapeleka pia shajara ya maisha yake ya ndani. Isome mkataba kabla ya kutia sahihi.

Kazi iko, mikono iko

Tunajua watakachosema: "Hawa vijana wanatafuta kazi tu." Ndiyo, tunatafuta. Hatuoni haya. Tumesoma enformatike miaka mitano, tukajifunza kwenye ordinatere moja watu wanane, koneksio tulinunua mega kwa mega, na leo diplome inakaa kwenye plastiki chini ya godoro. Banatuambia kila siku: hakuna kazi. Lakini kazi iko. Kusoma daftari la DNS kila asubuhi ni kazi. Kufuatilia majina yanayofanana na jina la banki ni kazi. Kutia muhuri na kubadilisha funguo zake kwa wakati ni kazi. Kumpigia telefone mkubwa saa nane za usiku na kumwambia "kuna kitu kinatoka" ni kazi. Wanachofanya leo ni kununua sanduku inje, kumleta fundi kwa ndege siku tatu, kisha sanduku linabaki peke yake. Siku likipiga kelele, nani atalisikia?

Hatuombi sadaka. Tuwekeeni mtihani wa wazi, wanaoweza waingie, wasioweza wajifunze. Bila matabishi, bila mjomba.

Tunadai

1. Kila banki, kila sosiete ya telefone, kila shirika kubwa la migodi na kila shirika la leta linaloshika habari za raia litenganishe DNS yake na mashini nyingine, na liwe na chombo maalumu cha kuilinda.

2. Kila moja itaje hadharani mtu ao biro inayohusika na majina yake, na njia ya kumfikia. Mtafiti mwema akiona tundu asitafute wiki nzima mlango wa kubisha.

3. Majina yanayobeba huduma za raia yawekewe kufuli kwa msajili, yawe na muhuri wa DNSSEC, na yasijibiwe na mtu mmoja tu.

4. Wanaosimamia .cd wawaeleze raia ni hatua gani zimechukuliwa tangu 2021 ili jina la inchi lisiuzwe tena sokoni.

5. Daftari la maulizo liwe na sheria yake iliyoandikwa: muda, watu, sababu. Lisitumiwe kuwinda raia wala mfanyakazi.

6. Sosiete zifungue nafasi za staji zinazolipwa na za kazi kwa vijana wa hapa, katika usalama wa mitandao, kwa mtihani wa wazi.

Na wewe ndugu unayesoma, usingoje. Ukienda banki wiki hii, uliza maswali matatu, kwa adabu: Jina la banki yetu lina muhuri? Limewekewa kufuli? Nani analichunga usiku? Karani hatajua, si kosa lake. Mwombe ayapeleke maswali kwa mkubwa wake. Watu kumi wakiuliza, watacheka. Watu mia wakiuliza, wataitisha mkutano. Watu elfu wakiuliza, watamtafuta mtu wa kufanya kazi hiyo.

Sisi tuko hapa. Tunangoja majibu, na tutarudi kuuliza.

Makuta ni yetu. Majina yalindwe.